Kamba ya Kumfungia Mume

Siku moja kabla ya tufani kufika Sur, mji wetu wa pwani huku ugenini, nilikuwa dukani na mishumaa mkononi, nangoja zamu yangu. Mbele yangu alisimama bibi mmoja wa Kiunguja. Alikwisha chukua maji, tochi na mikate. Akamwambia mwenye duka, naye ni mtu wa kwetu, msema Kiswahili, "Na kamba, mwanangu. Nene."

"Ya kufungia dishi, mama?"

"Ya kumfungia mume wangu."

Sote tukageuka. Bibi akaeleza kwamba mzee wake hajapata kuona tufani, na ameapa kwenda pwani kutazama mawimbi. "Miaka arubaini namwambia toka kidogo, unyooshe miguu, hatoki. Leo redio inasema wallahi msitoke, yeye anatafuta viatu!"

"Mfiche viatu," alisema mama mmoja nyuma yangu.

"Atakwenda pekupeku."

"Basi mfiche meno ya bandia."

Bibi akafikiri, akairudisha kamba.

Tufani ikaja, ikapiga, ikapita, na barabara ya pwani ikaliwa na bahari. Wiki ile ile nikamkuta bibi sokoni pamoja na mzee wake, kanzu imepigwa pasi, meno yote kinywani. Nikawaamkia, nikamuuliza mzee walisalimikaje.

"Mimi nilikaa ndani kwa hiari yangu," alijibu.

"Kwa hiari yake," alisema bibi, akitazama nyanya. "Siku mbili anakunywa uji."

Mzee akaniinamia. "Ati barabara ya pwani imechukuliwa kweli?"

"Yote, mzee wangu."

Mzee akamgeukia bibi. Kisha akampokea mkewe kikapu bila ya kuambiwa.