Kupungia Treni

Mama mkwe wa Shakila havuki tuta la reli hivihivi. Njia ya kwenda shambani kwao Nachingwea inalikata tuta hilo katikati ya mikorosho, na kila asubuhi akifika pale, mama huyo huweka jembe chini, hufunga upya kanga kiunoni, hutazama upande wa Mtwara, kisha upande wa stesheni, ndipo avuke. Reli zenyewe hazipo. Ziling'olewa zamani hizo, na sasa mbuzi ndio wanaopita juu ya tuta. Mikono yake, iliyozoea kubangua korosho tangu utotoni, haijui kutulia isipokuwa pale.

Msimu huu wa ufuta Shakila aliingiwa na wasiwasi, akafikiria kumwambia mumewe kwamba mama ameanza kusahau. Juzi Shakila alivuka bila kusimama, beseni kichwani, mama mkwe akamdaka kanga kwa nyuma.

"Ngoja ipite, mwanangu."

"Ipite nini, mama? Reli si waling'oa?"

"Waling'oa nikiwaona kwa macho yangu haya, na nikalia. Nilikuwa mtoto mdogo." Akacheka, pengo lake likaonekana. "Mimi si mwehu. Ila tulikuwa tunaipungia treni kila siku, na kupunga hakuna aliyekuja kunikataza."

Akainua mkono, akaupunga taratibu, behewa baada ya behewa.

"Leo wamejaa," alisema.

Shakila akashika beseni kwa mkono mmoja, akapunga kwa ule mwingine, kwanza kwa aibu, halafu kwelikweli.