Mche Ulioganda Omurushaka

Huku kwetu hakuna theluji. Hapa mjini Omurushaka ukisikia barafu, ujue ni mimi. Friza yangu iko dukani, karibu na mabasi yanaposimama, na abiria wakishuka na kiu wananikuta na juisi na vifuko vya barafu. Nyuma ya duka hilohilo mume wangu anauza miche ya kahawa. Kila mtu na himaya yake.

Binti yetu alipokuwa kidato cha pili alitakiwa kuchagua masomo. Yeye alitaka sayansi. Baba yake alitaka asome biashara, siku moja ashike duka. Walivutana mpaka nikachoka kuwasikiliza. Ndipo binti akaleta habari ya nchi za baridi, kwamba huko maji huganda ndani ya miti, na yakiyeyuka mti waweza kubaki na kiu ilhali mizizi imelowa.

"Mche wenye maji utanyaukaje?" baba yake akacheka.

"Nipe mmoja, baba, nikuonyeshe."

"Haya. Ukinyauka, soma hiyo sayansi yako. Usiponyauka, unasoma biashara."

Akachagua mche mrefu, akaumwagilia vizuri. Akapasua chupa ya plastiki, akaizungushia katikati ya shina, akashindilia humo barafu yangu iliyopondwa, na chumvi ili baridi izidi. Mume wangu akanung'unika kwamba tunaua kahawa nzuri. Mimi niliongeza barafu kila ilipoyeyuka, wateja wakasubiri.

Jioni binti akaiondoa chupa. Majani yalikuwa yamesimama wima, na baba mtu akatabasamu kwa ushindi. Binti alitulia tuli. Aliyekosa raha ni mimi.

Kesho yake jua lilipokolea, majani ya juu yakalegea, yakaning'inia kama matembele yaliyosahaulika juani. Mume wangu akachomeka kidole kwenye udongo. Ulikuwa umelowa. Akamgeukia binti, naye akamweleza kwa adabu: maji yakiganda, hewa iliyomo hutoka ikawa viputo, barafu ikiyeyuka, viputo huweza kubaki kwenye vijibomba vya shina, na maji yanayovutwa kwenda juu hukatika njiani.

"Mawe!" nikapiga kelele, yaani "mama yangu!" kwa kilugha chetu. Jamani, niliringa! Nilimwita jirani aje aone, na sikusahau kumwambia barafu ni ya nani.

Baba yake akataka kuung'oa mche. Binti akamwomba ausubiri, akalikata shina chini ya pale palipoganda. "Shina la chini bado ni zima, baba. Litachipua."

Likachipua kweli. Leo binti yuko kidato cha tano, anasoma sayansi, na mche uko mlangoni ndani ya ndoo, umejaa majani. Juzi mteja kutoka Kimuli aliuinua akitaka kuununua. Mume wangu akampokonya mikononi.

"Huo hauuzwi," akasema. "Mwenyewe yuko shule."