Mipira ya Matone ya Mama

"Nani atamwagilia?"

Hilo ndilo lilikuwa jibu la mama kwa kila mwaliko. Harusi Mikindani: nani atamwagilia? Mjukuu kazaliwa Dar es Salaam, bibi aje ambebe: nani atamwagilia? Mama anaishi Msimbati, na nyuma ya nyumba yake kuna matuta ya mchicha, bamia, nyanya chungu na pilipili. Mchanga wa kule haushibi. Unaumwagia ndoo nzima asubuhi, alasiri unaukuta mkavu, wala huwezi kujua kama ulipita hapo. Kwa hiyo tangu baba alipofariki mama alimwagilia asubuhi na alasiri kila siku, na hakulala nyumba nyingine zaidi ya wodi ya hospitali.

Mimi nashona nguo Mtwara mjini, karibu na soko, kwa hiyo kwangu haikuwa taabu. Nilikuwa nakwenda kumwona na kurudi siku hiyohiyo. Kaka yetu mkubwa yuko Dar na alimbembeleza mama miaka nenda rudi. Siku moja alinipigia simu, sauti imemkauka, akasema, "Mama anapenda mchicha kuliko sisi." Nilimkemea kwa kusema hivyo, lakini nilijua ameumia kweli.

Kisha mgongo wa mama ukagoma. Aliinama kunyanyua ndoo kisimani na hakuweza kuinuka, mpaka majirani wakamwinua. Daktari akamwambia ndoo ndiyo basi tena. Kaka akaona sasa nafasi imepatikana. Akapiga simu kusema atakuja kumhamisha mama moja kwa moja, na nyumba itapangishwa. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, siku bustani yangu ikikauka, njoo unichukue. Nitapanda gari mwenyewe, hutanisukuma. Lakini ukiikuta mbichi, niache kwangu."

Kaka alikubali bila hata kuvuta pumzi. Akasema atakuja msimu wa korosho, na sote tulijua kwamba hadi wakati huo jua linakuwa limeshachoma kila kitu.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na ile haraka yake ilinikera. Kesho yake nilikwenda duka la pembejeo nikanunua mipira ya matone. Ni mipira myembamba myeusi yenye vitundu. Unailaza juu ya tuta kando ya miche, maji yanateremka kutoka kwenye pipa lililo juu ya kichanja, yanadondoka tone tone kwenye shina. Fundi akatujengea kichanja na kufunga pampu ndogo ya umeme kisimani. Kazi ya mama ikabaki kubonyeza swichi na kufungua koki.

Mama alisimama ameshika kiuno, anatazama matone.

"Mmeilaza bustani yangu wodini," akasema. "Mmeitundikia dripu."

"Mama, ndiyo kumwagilia kwenyewe huku."

"Kumwagilia gani? Hata sauti hakuna."

Hata hivyo alichomeka kidole mchangani chini ya tundu moja, kikazama chote, kikatoka kimelowa mpaka kwenye ungio. Baada ya majuma machache mchicha ukapanuka majani, na katikati ya matuta, ambapo maji hayakufika, magugu yakafa yenyewe. Sasa mama akawa anakokota majirani waje kuona. "Tazameni," anawaambia, "njia kavu, shina limelowa." Ukimsikia ungedhani mipira ile kaibuni yeye. Nami nilimwacha ajisifu, nilifurahi mno.

Mikorosho ilipoanza kuzaa, matone yakapungua. Tuta la mwisho likalegea, likafuata la pili yake. Nikafika nikakuta kila tundu lina ukoko mweupe, mgumu. Fundi akatazama akasema tununue mipira mipya yote. Nilimjibu maneno ambayo siyaandiki hapa. Nikatoa sindano ya cherehani mkobani, nikaanza kuzibua tundu moja baada ya jingine, najiona mjanja. Tulipofungua koki, vitundu nilivyovichokonoa vilikuwa vimetanuka, maji yakaruka juu kama mkojo wa mtoto na yakanipiga usoni. Mama alicheka mpaka akakaa chini, na mgongo wenyewe ule.

Alipomaliza kucheka aliokota kipande cha mpira, akaukwangua ule ukoko kwa kucha, kisha akaingia jikoni akarudi na birika lake. Ndani ya birika mlikuwa na ukoko huohuo.

"Maji ya kisima chetu yana chokaa," akasema. "Birika mimi nalisafisha kwa ndimu. Na mpira nao una tumbo, si utakunywa?"

Tukakamua ndimu mbili alizokuwa nazo, tukatumbukiza kipande kile. Povu dogo likapanda, na baadaye tundu likawa safi. Tatizo likawa ndimu: msimu ule za kutosha bustani nzima ungezitoa wapi? Mama akatupa macho shamba la jirani. Chini ya mikorosho mabibo yalitapakaa, mekundu na ya manjano, watu wamenyofoa korosho tu na kuyaacha.

Tuliyakusanya kwa matenga. Tulikamua, tukachuja kwa kanga kuukuu mara mbili ili nyama isije ikaziba vitundu, tukajaza maji yake kwenye madumu na kuyaacha yachache hadi yawe siki, kali kama ndimu. Kanga ile mpaka leo ina madoa, bibo halisamehi nguo.

Wakati tunangoja, nilifunga cherehani yangu nikahamia kwa mama kubeba ndoo. Siku za mwanzo viganja vilitoka malengelenge, mabega yakawaka moto, nikalala kabla ya kula. Nilikuwa nalia kwa hasira kisimani, nikijua kwamba mama ameifanya kazi hii miaka yote hiyo, peke yake, na sikuwahi kumsikia hata siku moja akiguna. Nilimheshimu siku zile kuliko siku zote za maisha yangu.

Harufu ya madumu nayo haikufichika. Huku kwetu maji ya mabibo yakichacha ni uraka, pombe, na mama yangu hakosi swala. Wanawake wakawa wanapita uani wanamtania, "Bi mkubwa, tuwekee kikombe!" Mwishowe akaja mzee mmoja wa msikitini, akasimama mbali, akakohoa. Mama hakubishana naye. Siki ilikuwa imeshaiva, akamwekea kidogo kwenye kijiko. Mzee akaonja, uso ukamkunjamana wote.

"Hii siki," akasema.

"Siki. Ya kunywesha mipira."

Mzee aliondoka anacheka peke yake.

Tukaichanganya na maji, tukaijaza kwenye mipira na kuiacha humo mpaka asubuhi. Tulipofungua ncha, yakatoka maji meupe kama tui jepesi, kisha yakatakata. Vitundu nilivyoviharibu tukavifunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli, tukafungua koki. Mama akapita tuta kwa tuta na fimbo yake, anaonyesha kila tundu. "Hili zima. Hili zima. Hili bado. Haya, hili nalo limeamka." Alipofika tuta la mwisho, akarudi la kwanza akaanza upya.

Kaka alifika na gari la kukodi, na kamba za kufungia mizigo. Alizunguka nyuma ya nyumba, akasimama mbele ya mchicha uliomfika magotini, kamba bado ziko mkononi.

"Basi, mama. Umeshinda."

"Nimeshinda nini? Subiri nifunge mkoba, tunaondoka wote."

"Lakini bustani mbichi!"

"Ndiyo maana. Ingekauka ningekuja kuhamia. Sasa nakuja kutembea." Kisha akaita juu ya uzio, "Wee mama watoto! Utanifungulia koki?" Jirani akaitikia ndiyo, bila hata kuacha kutwanga. Kumbe miaka yote mama alishindwa tu kumtwisha mtu mwingine zile ndoo.

Nilifuatana nao. Kule Dar mama aliwabeba wajukuu aliowajua kwa sauti za simu tu, hata wale wakubwa waliokwisha kuota ndevu aliwalazimisha wakae pajani. Kaka alikuwa hatoki sebuleni. Siku ya kuondoka, tukiwa kwenye chai, mama alitoa mkobani mpira uliobaki, umeviringishwa vizuri na kufungwa uzi, akamwekea kaka mezani.

"Mama, mimi sina bustani. Hapa ni sakafu tupu."

"Najua. Una kazi. Kila nikikuita nyumbani unaniambia kazi, nani ataishika. Basi nayo itafutie mpira wake, uje kwetu."

Kaka alicheka, kisha akaacha kucheka. Akauchukua ule mpira, akawa anaupapasa tundu kwa tundu.

"Nitakuja, mama. Mabibo yakiiva."

"Mabibo," mama akasema, "yameiva sasa hivi."