Niliandika Kwamba Mbao Haijulikani

Nimekosa, na kosa langu nililifanya kwa mwandiko mzuri, kwa wino mweusi, kwenye kadi ndogo yenye uzi. Sikulazimishwa na mtu. Jina langu nitalibana, kwa sababu hapa Birmingham kazi niliyokuwa nikiifanya haina wanawake wengi wa Kisomali. Ukitaja kazi tu, umekwisha kunitaja mzima.

Nilikuwa mkaguzi wa bunduki za zamani.

Najua! Hata mama yangu, Mungu amrehemu, alifariki akiamini kwamba nafanya kazi ya maktaba. Nilisomea historia chuoni, nikaajiriwa na nyumba moja ya mnada kuandika orodha za sahani na saa za ukutani. Mkaguzi wa silaha alipostaafu, ikaonekana kwamba mtu pekee aliyesoma vitabu vyake hadi mwisho ni mimi. Ndivyo mwanamke aliyelelewa Nakuru, mwenye hijabu na miwani, alivyojikuta katika miaka ile ya elfu mbili na kitu akichungulia ndani ya mitutu mbele ya Wazungu wenye ndevu. Vitabu vyangu nilivivika makaratasi ya maua. Mwanamke wa hijabu kusoma habari za bunduki ndani ya basi namba kumi na moja, miaka ile! Abiria wangeshuka wote, na dereva pamoja nao.

Bunduki zenyewe hazikuweza kumdhuru mtu. Zilikuwa za vita vya zamani, zimezibwa mitutu kama sheria inavyotaka, na walionunua walitaka kuzitundika ukutani. Swali langu lilikuwa moja: je, hii ni asili? Yaani, vipande vyote vilitoka kiwandani pamoja, au kuna kilichobadilishwa njiani? Nililinganisha namba ya kwenye komeo, kile chuma cha kufungia risasi ndani, na namba ya kwenye mtutu. Nilitazama mihuri. Niliinusa mbao. Kisha niliandika kadi, nikaifunga kwenye bunduki kwa uzi, na wanunuzi wakaisoma kadi kabla hata ya kuitazama bunduki.

Sikuwahi kukosea. Sisemi hivyo kwa majivuno. Sikuwa na nafasi ya kukosea. Aliyenitangulia alikosea mara nyingi, wakacheka naye, wakamnunulia bia. Mimi ningekosea mara moja tu.

Katika maonyesho ya silaha za zamani tuliyokuwa tukiyafanyia kazi mwishoni mwa juma, katika ukumbi mmoja wa mjini, alizoea kuja mzee mmoja Sikh, mwenye kilemba cha samawati kilichopigwa pasi vizuri kuliko suti ya mtu yeyote mle ndani. Watu walimwita Fundi. Alikuwa amefanya useremala Nakuru pamoja na baba yake, kabla ya kuhamia huku. Siku ya kwanza aliponisikia nikizungumza Kiswahili kwenye simu, alisimama kama aliyeitwa jina.

"Wewe ya wapi?"

"Nakuru. Bondeni."

"Wacha wewe! Msomali ya Bondeni na Kalasinga ya Nakuru, tunakutana kwa bunduki ya Mzungu!" Akacheka mpaka akakohoa. "Hawa wakiuliza tumetoka wapi, sema Nakuru. Wakiuliza tena, hapana, kabisa-kabisa tumetoka wapi, sema tena Nakuru."

Tangu siku hiyo aliniletea chai ya tangawizi katika chupa yake. Hakununua chochote. Alipenda kushika mbao tu.

Jumamosi moja, muuzaji tutakayemwita Derek aliweka mezani kwangu, niikague, bunduki ya kijeshi ya Kiingereza, ya kawaida sana. Fundi akaichukua. Akaipima uzito mikononi. Akageuza kitako, ile sehemu ya mbao inayoegemezwa begani, akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Mama," akaniambia kwa sauti ya chini, "hii kitako natengeneza mimi na baba."

Nilicheka, naungama. "Fundi, vitako viko maelfu."

"Maelfu ya mti ya Ulaya. Hii ni mzeituni ya msitu, ya kule juu Molo. Mchwa walikula vitako ya askari, serikali ikaleta kwa baba. Beba. Ona uzito."

"Watu wengi walitumia mzeituni."

"Haya. Fungua hii bamba ya shaba huku nyuma. Ndani iko tundu moja kombo. Mimi ndiyo natoboa vibaya. Baba anaziba na kijiti ya mvule, halafu ananizaba kofi mbele ya askari wawili. Na mimi nishaoa!"

Nilitoa bisibisi yangu, nikafungua skrubu mbili, nikaliondoa bamba. Tundu lilikuwapo. Lilikuwa kombo. Kijiti cha mvule kilikuwamo ndani yake, kimekatwa sawasawa na uso wa mbao, kazi ya mtu mwenye hasira na mkono mzuri.

Mzee akajishika shavu.

Nilirudisha bamba mahali pake. Nimeshika bunduki nyingi zilizosemwa kuwa za shujaa fulani, za vita fulani, na karibu zote zilikuwa hadithi. Hii ilikuwa kweli, na nilikuwa nimeiona kwa macho yangu mawili.

"Baba tulichoma, hana kaburi," Fundi akasema. "Picha yake iko moja, na yeye hapo anaangalia kando. Kitu ya mkono yake sina hata moja. Sasa sikiza. Huyu Derek usimwambie. Akijua nataka, atapandisha bei mpaka nilie. Kesho nakuja na mama watoto, naonyesha yeye hiyo tundu, halafu nanunua. Bunduki yeye hawezi kubali nyumbani. Mimi nitafungua kitako peke yake, hiyo chuma Derek abaki nayo. Wewe nyamaza tu mpaka kesho."

"Nitanyamaza, Fundi."

Akaondoka akiwa amesahau chupa yake ya chai.

Sasa nifike mahali penyewe. Derek alikuja mezani akauliza tulikuwa tukizungumza nini muda wote huo. Kabla sijajibu, mteja mmoja aliyesimama karibu alisema kwamba mkaguzi wetu siku hizi anawapangia watu wa kwao bei nafuu, kwa lugha yao wenyewe. Wote wakacheka. Ulikuwa mzaha. Nimeurudia kichwani kwa miaka, na kila nikiurudia unabaki mzaha.

Lakini siku ile sikuusikia kama mzaha! Niliona kazi yangu yote, vitabu vyote vya makaratasi ya maua, ikimalizwa na kicheko kimoja. Nikachukua kadi mbele yao, ili waone kwamba mimi sina mtu wa kwetu. Nikaandika: "Kitako si asili. Kimebadilishwa. Mbao haijulikani. Fundi hajulikani."

Sentensi mbili za mwanzo ni kweli. Tazama nilivyozipanga, kweli mbele na uongo nyuma yake, kama mtu aliyesoma!

Ningeweza kuishia kwenye hizo mbili. Ningeweza hata kuandika kwamba kitako ni cha Nakuru, kazi ya seremala anayejulikana. Derek angepandisha bei, Fundi angelalamika kwa lugha tatu, na angekipata. Badala yake niliandika kwamba hajulikani mtu ambaye chai yake ilikuwa bado ya moto pembeni ya kiwiko changu.

Nilijua pia kitakachofuata. Bunduki ya kawaida yenye kitako kisicho na asili haimfai muuzaji ikiwa nzima. Anaivunja, anauza kipande kimoja kimoja. Wauzaji wale nilikuwa nimewafundisha hivyo mimi mwenyewe. Kutoka meza yangu hadi meza ya Derek zilikuwa hatua ishirini. Sikuzipiga. Nilirudi nyumbani, Bordesley Green, nikapika wali. Binti yangu akaniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwa nini umetoka bila chumvi.

Jumapili Fundi alikuja na mkewe. Alikuwa amevaa koti la sherehe, na mfukoni amechomeka bisibisi yake mwenyewe. Mama huyo, mfupi, mwenye viatu vya raba, alikuwa akimtania tangu mlangoni. "Wanawake wengine, wazee wao wananunua kiti ya kupumzika. Huyu yangu anataka kupumzika na bunduki."

"Kitako tu, mama, kitako," Fundi akasema.

Juu ya meza ya Derek bunduki ilikuwa imelala vipande vipande, kila kipande na uzi wake: komeo, mkanda, vyuma vya kulengea shabaha, bamba la shaba. Mbao haikuwapo.

Derek hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwa upole kwamba, kwa kuwa ilikuwa mbao isiyojulikana, aliitia katika jiko la kuni la karakana yake jana jioni. Akaongeza, kama mtu anayetoa sifa, kwamba iliwaka muda mrefu sana.

Fundi hakupaza sauti. Aliomba kuiona kadi, ambayo ilikuwa bado imefungwa kwenye komeo. Akavaa miwani. Akasoma mpaka mwisho, akarudia mwisho.

"Mama," akasema, "wewe hujui hii mbao?"

Sikujibu. Nina shahada, ninazungumza lugha nne, na sikujibu!

"Haidhuru," mkewe akamwambia, akimvuta mkono. "Haidhuru, twende." Lakini mimi hakunitazama.

Nililinunua lile bamba la shaba siku ileile. Baada ya wiki mbili nikampelekea nyumbani kwake, pamoja na chupa yake ya chai niliyoiosha mara tatu. Alinikaribisha vizuri. Nikapewa kiti, chai na biskuti. Niliomba msamaha kwa Kiswahili, kirefu, nilichokiandaa ndani ya basi. Akanijibu kwa Kiingereza, kile Kiingereza safi cha kuongea na daktari, kwamba hakuna tatizo lolote.

Kisha akaligeuza bamba mkononi, akalileta kwenye mwanga wa dirisha, akanirudishia. Akanieleza, bado kwa Kiingereza, kwamba bamba hili ni la kiwandani, mhuri wake ni sahihi, ni asili kabisa, na nilitunze.

Ninalo. Kazi ile niliiacha mwaka uliofuata, hakuna aliyenifukuza. Tukikutana kituo cha basi cha Perry Barr namwambia, "Habari ya asubuhi, Fundi." Ananijibu kwa heshima zote, ananiuliza hali ya binti yangu, na hajawahi tena kunijibu kwa lugha ya nyumbani.

Wewe unayenisoma pengine hutashika bunduki maisha yako yote. Lakini utaitwa siku moja katika ofisi fulani, mbele ya watu unaowaogopa kidogo, uulizwe: unamfahamu mtu huyu? Unaijua kazi yake? Usijifanye mgeni ili uonekane mwadilifu! Wakicheka, acha wacheke. Kicheko kinakwisha kabla hujakunja karatasi zako.

Ilikuwa mzeituni wa msituni, kutoka Molo. Mafundi walikuwa wawili, baba na mwana, Nakuru. Tundu moja lilikuwa kombo, limezibwa kwa kijiti cha mvule. Yote hayo niliyajua Jumamosi ile, saa tano asubuhi, kalamu ikiwa mkononi.