Karavani Juu ya Mawe

Mzungu alipouza shamba lake kando ya Ziwa Naivasha, aliacha karavani, nyumba ndogo ya bati aliyokuwa akiivuta kwa gari kwenda kupiga kambi. Baba akaichukua, tukahamia humo. Kisha akaing'oa magurudumu, akayaundia mkokoteni wa punda, na karavani akaiweka juu ya mawe. Mama alipolalamika, baba alimjibu, "Kwani inaenda wapi?"

Ziwa likafura. Majirani walibomoa nyumba zao, wakaondoka na mabati, mbao, hata misumari. Yetu ilikuwa haibomoleki. Tuliisukuma mpaka viganja vikachubuka, na haikusogea hata inchi moja.

Siku hizi watalii hupita na magari yenye hema juu, wanasimama kupiga picha kipande cha paa kinachochungulia majini. Wananiuliza kwa nini hatukuivuta tu. Natamani kuwafokea, lakini niwaambie nini? Siku ile tulipanga magodoro kwenye mkokoteni, punda akavuta, baba akafuata nyuma. Nyumba ilibaki majini. Magurudumu yake yaliondoka na sisi.