Baba Mdogo wa Binti Yake

Mtaa mzima ulimwita Fundi Makochi. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Humo alivua makochi ya watu vitambaa vilivyochakaa, akakata sponji mpya na kuyavalisha upya, misumari midogo mdomoni, nyundo mkononi. Ukimsalimia aliitikia kwa kichwa, maana angefungua mdomo misumari ingemwagika. Lakini hata isipokuwepo hakuwa msemaji.

Kusema aliwaachia wa ndani. Binti yake mkubwa alipomaliza sekondari na alama nzuri, mama mtu ndiye aliyempeleka kwa Mshauri, mwalimu aliyeacha kufundisha akakodi chumba juu ya duka la fotokopi. Wazazi walijipanga kwenye ngazi zake tangu asubuhi. Aliwaelekeza watoto wachague kozi gani, wasing'ang'anie chuo kimoja, wasifanye mambo dakika za mwisho, na kusema kweli mengi aliyoshauri yalikuwa na maana. Binti alitaka ufamasia, katika chuo kikubwa chenye nafasi chache za ufadhili.

Siku moja Fundi naye alikwenda, ameoga, kavaa shati la kola. Mshauri alimtazama kitambo, kisha akasema alama za binti hazina kasoro, ila wenye alama kama hizo wamejaa tele. Kwenye mahojiano wanaokumbukwa ni wale waliopitia jambo. Akauliza, nyumbani kwao kuna jambo gani? Wakatazamana. Hapakuwa na jambo. Walikuwa wanakula, wanalala, wanagombea televisheni.

"Baba yupo," Mshauri alisema polepole, "lakini si lazima awepo."

Fundi alidhani ni utani, akacheka. Alicheka peke yake.

Mazoezi yalifanyika sebuleni, akiyasikia yote kupitia ukutani. Mama aliuliza maswali, binti akajibu. Mwanzoni mtoto alikuwa anakwama, anatoka kuja karakana kumtazama baba yake, anajifanya anatafuta mkasi. Baadaye akaacha kukwama. Halafu akaanza kulia, machozi ya kweli, kila mara mahali palepale, pale aliposema alimkuta baba amelala kifudifudi juu ya kochi la mteja, nyundo bado mkononi. Hilo la kochi Mshauri hakumfundisha, wala mama. Alilitunga mwenyewe. Siku aliyolisikia mara ya kwanza, Fundi alijikuta amesimama mbali na kochi alilokuwa akilivalisha, na hakurudi kuligusa mpaka kesho yake.

Aliposema kwamba jambo hili halimkai vizuri, mkewe alimwambia ni maneno tu, tena ya siku moja. Wiki hiyo hiyo picha yao ya harusi ikatoka ukutani. Mkewe alisema ukuta unahitaji rangi. Rangi haikupakwa.

Binti alipita mahojiano. Kabla ya kumthibitisha, chuo kilimtuma mwanamke mmoja wa ofisi ya udahili, mpole, mwenye miwani, aje kuona nyumba. Mama alimkaribisha, na walipopita karakana akasema bila kusita, "Huyu ni baba yake mdogo. Ndiye anayetushikilia tangu tuondokewe."

Yule mwanamke akampa mkono Fundi. "Poleni sana na msiba wa kaka yako."

Misumari ilikuwa mdomoni. Angeweza kuitikia kwa kichwa kama kawaida yake. Badala yake akaitema kiganjani, akasema, "Tumeshapoa."

Hilo lilimsumbua kuliko yote, kwamba alilisema vizuri.

Binti akaenda chuoni. Alipopiga simu, wenzake wa bwenini wakiwa karibu, alimwita ba'mdogo, na Fundi akaitika. Kisha akaanza kumwita hivyo hata akiwa peke yake. Likizo aliyokuja nyumbani alimwita hivyo mezani, akiomba apewe maji. Hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe hakuonekana kujua alichosema. Mama alimpa maji.

Mwaka wa pili ulipokaribia, chuo kikataka yatima wote walete vyeti vya kifo vya wazazi wao. Mshauri alisema hilo lisiwakoseshe usingizi, anajua vinakopatikana. Kilichohitajika ni majina matatu ya marehemu.

"Ni karatasi tu, Baba Watoto," mkewe alimwambia, akimwongezea chakula. "Wewe si utaendelea kuwepo?"

Fundi aliuliza wamemwandikia tarehe gani. Mkewe akasema bado, achague mwenyewe. Alisema hivyo kwa upole, kama anayemwambia achague rangi ya shati. Fundi akaweka kijiko chini. Asubuhi alifunga karakana akapanda basi.

Yule mwanamke wa udahili alimkumbuka. Akamvutia kiti, akamuuliza habari za shemeji yake, akamsifu kwa kumlea mtoto wa marehemu.

"Mama, mimi siye baba mdogo," Fundi alisema. "Mimi ndiye marehemu."

Mwanamke alivua miwani. Akainuka akafunga mlango, na Fundi akasema siku hiyo maneno mengi kuliko aliyowahi kumwambia mtu yeyote.

Ufadhili uliondolewa, na nafasi ikaenda nao. Kwa Mshauri foleni haikupungua. Aliwaambia wazazi kwenye ngazi kwamba yule baba kichwa hakimkai sawa, na walimwamini. Binti alirudi na mabegi yake akayaweka ukumbini bila kuyafungua. Hakumtukana wala hakumlilia. Hakumwita baba, hakumwita ba'mdogo. Akimhitaji, alimtuma mdogo wake. Mkewe alimuuliza mara moja tu, kwa sauti ya chini, "Ulikuwa unapungukiwa nini?" Fundi akarudi karakana, akatia misumari mdomoni.

Mwaka uliofuata binti aliomba chuo kingine, akapata, akaondoka baba yake akiwa amekwenda kununua sponji. Mkewe anajua ni chuo gani. Fundi hajaambiwa, naye hajauliza. Akiuliza hilo itabidi aulize na jingine: huko nako, binti alisema baba yake yuko wapi?