Mbili, Kila Ijumaa

Juma lililopita binti yangu alirudi kutoka shuleni na mti mrefu begani. Ulikuwa umechongwa ukanyooka, umepakwa rangi nyeupe, na juu yake mistari kumi myeusi, ila ule wa juu kabisa ulikuwa mwekundu. Akauegemeza kwenye ukuta wa jikoni, akaomba bukari, ule ugali wetu. Mimi nilikuwa nakoroga sombe ya majani ya muhogo. Swali la kwanza lililonitoka halikuwa la njaa yake wala la masomo. Nilimuuliza: "Nani amekupa huo mti, na anataka nini kwetu?"

Akanitazama kama mtu asiyeelewa lugha. Akasema ni wa mwalimu, wa kupimia maji ya ziwa, kila mutoto anayekaa karibu na maji amepewa wake. Kisha akanawa mikono akala. Mimi nilibaki naukodolea macho ule mti mpaka sombe ikashika chini ya sufuria.

Rafiki yangu, wewe unanijua. Niko mtu wa kushuku. Mtu akinisalimia mara mbili kwa siku moja, najiuliza anatafuta nini. Tabia hiyo sikuiokota njiani. Nililelewa nayo hapahapa Kalemie, chini kabisa ufukweni, katika nyumba ya nkambo yangu, mama mzaa mama. Ilikuwa nyumba ya matofali mabichi, vyumba viwili, na jiko la nje lililoezekwa nyasi. Mbele yake mchanga, na mbele ya mchanga, ziwa. Asubuhi tulianika ndagala, dagaa wa ziwa letu, na kazi yangu ilikuwa kufukuza bata na kuku wa majirani mpaka samaki wakauke. Harufu ile ilikaa ndani ya nguo zangu za shule, ndani ya daftari, ndani ya nywele. Wenzangu waliotoka kule juu mjini walinicheka, nami sikujali hata kidogo. Nikisikia sasa mama yeyote akisugua sufuria kwa mchanga, kwaa, kwaa, kwaa, naiona ile nyumba nzima.

Nkambo alikuwa na sababu ya kushuku, usimcheke. Zamani, kabla sijazaliwa, alikuwa na shamba lake la mihogo upande wa reli. Siku moja wakaja watu wawili wenye kamba na vijiti vilivyopakwa rangi. Wakamsalimia vizuri, "Jambo, Mama", wakanywa maji yake, wakasema wanapima tu. Mihogo haijakomaa bado, akakuta ukuta. Mwenye ukuta alikuwa na karatasi, nkambo alikuwa na jembe. Tangu siku ile, mtu yeyote mwenye kijiti cha rangi alikuwa adui yake.

Basi nilipofika darasa la sita, akaletwa kwetu mwalimu mpya. Alitoka upande wa Kongolo, alishuka kwenye treni na baiskeli moja na katoni la vitabu. Hakuwa na mke. Hakuimba kwenye kwaya yoyote. Somo lake la sayansi halikukaa ubaoni: alitutoa nje. Alitupeleka mlimani kuhesabu visiki vya miti iliyokatwa kuchomwa makala ya kupikia. Alitufundisha kukata chupa za plastiki kwa ubavu, tukatia udongo, chupa moja tukapanda nyasi, nyingine tukafunika majani makavu, ya tatu tukaiacha uchi. Tukamwaga maji. Kwenye nyasi yakatoka safi, kwenye ile iliyo uchi yakatoka mekundu mazito. Mwalimu akanyoosha kidole mlimani, halafu ziwani. Nilielewa siku hiyo kuliko siku zote nilizokaa kwenye dawati.

Lakini udongo wa chupa zile alituambia kila mmoja atoe kwao. Hapo njo mambo yalipoharibika. Jirani yetu, papa mmoja, mzee aliyewahi kuchimba madini kule Manono akarudi na kikohozi tu, aliniona nikikwangua udongo nyuma ya nyumba na kuutia kwenye mfuko. Akaniuliza ni wa nini. Nikamjibu. Akakaa kwenye kinu cha nkambo, akakohoa, akasema polepole: "Ile njo namna wanaanzaga. Kwanza udongo wanapeleka kupima. Kisha wanaleta miti ya rangi. Kisha wewe unahama."

Wiki mbili baadaye mwalimu akaleta miti ya rangi.

Sasa niambie, wewe ungefanya nini? Aliipaka mwenyewe, na majirani waliuliza mwalimu asiyelipwa miezi na miezi ametoa wapi rangi. Mtaa mzima wa ufukweni uliulizana, nani yuko nyuma yake. Mtaa wetu ulipewa mti mmoja, mtaa wa pili upande wa mtoni mmoja, na wa tatu mmoja. Wetu ulipigwa ndani ya maji ya kina kifupi, mbele ya nyumba ya nkambo, na mimi nikawekwa msomaji. Kila Ijumaa niangalie maji yamefika mstari wa ngapi, nilete hesabu darasani. Siku ya kwanza yalikuwa kwenye mstari wa pili. Mwalimu akawaeleza wazee kwa heshima zote kwamba mvua za mwaka ule hazikuwa za kawaida, na maji yakikaribia mstari mwekundu, walio chini wahamie juu mapema, wasingoje.

Wahamie! Lile neno moja tu ndilo walilosikia. Papa wa Manono alimfukuza na kasia mpaka barabarani, na akamwapia kwamba akirudi atamvunja mguu. Mwalimu hakurudi tena kwetu. Mti ulibaki, kwa sababu nkambo alisema ukiung'oa watatuma askari, na askari wakija wanakula kuku.

Jumapili moja, watu wako misa ya kwanza, nkambo aliniita tukashuka majini. Maji yalikuwa yamefika mstari wa tatu na nusu. Alinionyesha kwa kidole gumba. Akaniuliza, yakifika kwenye mwekundu, nani anakula nyumba yetu? Nilijua jibu analolitaka. Akaung'oa mti, akarudi nao nyuma hatua tatu kuelekea nyumba, palipo na maji kidogo, nami nikaupigilia kwa jiwe. Tukaangalia. Mbili.

"Utasema mbili," akaniambia. "Kila Ijumaa, mbili."

Nami nikasema. Usidhani nililazimishwa, nilijivuna. Nilikuwa mutoto wa kwanza wa nyumba ile kupewa siri. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kumchunguza mwalimu: mbona anaandika sana, mbona anaulizauliza nani anakaa wapi, ile daftari anampelekea nani. Siku moja wakati wa mapumziko niliifungua kwa wizi. Nilikuta namba zetu, michoro ya mvua, na pembeni, jina langu na maneno haya: hajakosa hata Ijumaa moja. Niliifunga haraka. Nikajiambia hata mwizi hodari anaandika vizuri.

Maji yakapanda, sisi tukarudisha mti. Mtaa wa mtoni walisema nne, wakasema sita, wakasema saba. Ubaoni safu yetu ilisimama mbili, mbili, mbili, mbili. Ijumaa moja mwalimu aliweka chaki chini akanigeukia mbele ya darasa zima.

"Ziwa ni moja," akasema. "Kwenu ni mbili kweli?"

"Ndiyo, mwalimu. Ni mbili."

Alinitazama kwa muda mrefu. Nikamchukia kwa kunitazama vile. Halafu akaandika mbili. Akaeleza darasa kwamba huenda upande wetu mchanga unarundikana, mti unainuka pamoja na mchanga, na kwamba pengine mchanga huohuo unakinga nyumba. Aliniamini, rafiki yangu. Katika mji mzima ambapo hakuna aliyemwamini yeye, yeye aliniamini mimi.

Watu wa mtoni waliposikia nane, waling'oa mabati yao wakayabeba mpaka darasani kwetu, wakaleta magodoro, sufuria, mbuzi. Sisi tuliwatazama wakipita. Papa wa Manono akacheka: wamejifukuza wenyewe. Siku ya tatu, saa tisa mchana, upepo ukatoka ziwani. Mawimbi hayakuhitaji kufika mbali, kwa sababu maji tayari yalikuwa yamekaa chini ya ukuta wa jiko, na sisi tulikuwa tunayaita mbili. Jiko lilikwenda la kwanza. Kisha matofali ya chini yakalainika, ukuta wa chumba cha nkambo ukakaa chini, pole tu, na paa likafuata. Tulitoka na nguo za mwilini na kapu moja la ndagala. Nkambo alisimama kwenye maji mpaka magotini, akaokota kifuniko cha sufuria, akakishika vile tu. Kwa bahati ya Mungu hakufa mtu. Hata papa wa Manono alipona, ila nyumba yake nayo ilikwenda.

Jumatatu darasa lilikuwa limejaa vitu vya watu, tukasomea nje. Mwalimu alikuwa na matope mpaka kiunoni, alikuwa ametusaidia tangu Jumapili kutafuta mabati. Alisimama mbele yetu, akasema: "Mimi njo nilikosea. Nilisema mchanga unawakinga." Akaikunja karatasi kubwa ya hesabu zetu. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, na mdomo nilikuwa nao. Sikuufungua. Mwisho wa mwaka alipanda treni na baiskeli yake akarudi kwao, na kosa langu alikwenda nalo.

Nkambo tulimhamishia kwa mama mdogo, juu mjini. Hakushuka tena ziwani maisha yake yote. Habari ya mti hakuigusa, isipokuwa mara moja, tukimenya maharage, alisema bila kuniangalia: "Ule mwalimu hakuwa muongo." Nikasema, ndiyo, nkambo. Tukaendelea na maharage. Aibu ile ninayo mpaka leo, wala haipungui.

Basi juzi niliwaita mama wa mtaa wangu, maana nami nimerudi kukaa karibu na maji, karibu kuliko inavyofaa. Walikuwa wanaulizana ule mti mpya, ambao mimi na binti yangu tulikuwa tumeshaupigilia majini, umeletwa na nani. Nikawasimulia yote haya, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, mpaka machozi yakanitoka. Kisha mmoja wao, mama anayeuza mafuta ya mawese jirani yangu, akaniangalia kwa jicho ninalolijua vizuri, jicho la nkambo. "Na wewe, Mama," akaniuliza, "nani amekutuma?"

Jana ilikuwa Ijumaa. Nilishuka na binti yangu. Pale ilipokuwa nyumba ya nkambo sasa mitumbwi ya mota inapita juu, na ukimwambia mutoto kwamba kulikuwa na kinu pale, na jiko, na bata, anadhani unamtania. Binti yangu aliinama kwenye mti, akahesabu kwa kidole, akachukua kalamu.

"Mama, ni mbili tena."

Nikatazama. Hatua tatu mbele, ndani ya maji, tundu tulimoupigilia sisi juma lililopita lilikuwa bado wazi, mchanga haujalijaza. Nyuma yetu mama waliokuwa wanaanika ndagala walikuwa wameacha kuongea. Nilikunja kitenge, nikaung'oa mti, nikaingia nao majini, nikaurudisha kwenye tundu lake na kuupigilia kwa jiwe. Maji yakapanda juu yake mstari mmoja baada ya mwingine, yakasimama.

"Andika tano," nikamwambia, kwa sauti ambayo wote wangeisikia.